Vyakula vya Asili na Uzito wa Mwili: Shibe Hutoka Wapi, Unene Hutoka Wapi

Katika minada na stendi za mabasi hakukosekani meza yenye vichupa na vifuko vya unga wa majani vinavyonadiwa kuwa huyeyusha mafuta ya tumboni kwa siku saba au kumi na nne. Wanunuzi wake wengi ni watu wenye haja ya kweli: mama ambaye magoti yameanza kumuuma, baba aliyeelezwa zahanati kuwa shinikizo lake la damu limepanda, kijana ambaye nguo za mwaka jana hazimtoshi tena. La kusikitisha ni kwamba fedha hiyo hutoka mara nyingi katika nyumba zenye tuta la mchicha uani, mpapai kando ya choo na debe la kunde ghalani. Vyakula hivyo vya nyumbani vinaweza kumsaidia mtu kupunguza uzito, lakini kwa njia tofauti kabisa na ile anayoinadi mchuuzi.

Tatizo lenyewe si la watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Utafiti wa 2015–16 ukakuta wamefikia asilimia 28. Kisukari, shinikizo la juu la damu, maradhi ya moyo na baadhi ya saratani hufuata nyuma ya uzito huo. Katika kaya nyingi unene bado huhesabiwa kuwa alama ya kutunzwa vizuri, na anayepungua huulizwa kama anaumwa au ndoa imemshinda. Kwa sababu hiyo wengine huendelea kunenepa huku wakipongezwa.

Hakuna chakula kinachoyeyusha mafuta ya mwili. Mwili huweka akiba ya mafuta pale nishati inayoingia kwa kula na kunywa inapozidi nishati inayotumika, na akiba hiyo hupungua pale tu hesabu inapogeuka. Gramu moja ya wanga au ya protini hutoa kilokalori 4. Gramu moja ya mafuta hutoa 9. Maji hayatoi nishati yoyote, na nyuzinyuzi za mimea, ambazo wataalamu wa lishe huziita makapimlo, hutoa kidogo sana. Ndiyo maana chakula chenye maji na makapimlo mengi hujaza tumbo na kuchelewesha njaa bila kuongeza akiba. Gramu 100 za mchicha zina kilokalori zisizofika 30. Kiasi hicho hicho cha maharage ya kuchemsha kina takriban 130, cha parachichi 160, na cha karanga za kukaanga zaidi ya 550. Vyote vinne hutoka shambani, na vyote vina faida mwilini, lakini anayetafuna karanga siku nzima kwa kuwa “ni za asili” asishangae mizani inapopanda.

Somo kubwa zaidi liko chunguni. Mama anayepikia watu sita hununua mafungu ya mchicha au matembele, akakata vitunguu na nyanya, kisha akamimina mafuta kutoka kwenye chupa kwa makadirio ya mkono. Iwapo mkono huo umemimina robo lita, chunguni mmeingia kilokalori zipatazo 2,000, na kila mlaji amepata zaidi ya 300 zitokanazo na mafuta peke yake kabla ya kuugusa ugali. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina takriban kilokalori 120. Vijiko vinne kwa chungu hicho hicho hutosha kulainisha mboga na kuusaidia mwili kufyonza vitamini A ya majani, na kila mlaji hupata 80 tu. Tofauti ya zaidi ya kilokalori 200 kwa mtu kwa mlo mmoja ni kubwa kuliko faida ya kichupa chochote cha mnadani, nayo haigharimu kitu. Kinyume chake, chupa ya mafuta hukaa wiki zaidi. Mafuta ya alizeti, ya nazi na ya mawese hutofautiana kwa mambo mengine, lakini kwa hesabu ya nishati yote ni mamoja.

Kisamvu ni mfano mzuri wa jinsi jani jepesi linavyogeuzwa kuwa chakula kizito. Kikitwangwa na kuchemshwa vizuri, jambo ambalo ni la lazima kwa kuwa majani mabichi ya muhogo yana sumu, kinabaki mboga yenye protini na madini. Kikitiwa tui zito la nazi mbili pamoja na karanga za kusaga, kinakuwa kitoweo kitamu cha sikukuu. Hakuna anayepaswa kukikataza. Ila kikipikwa hivyo kila Jumatatu hadi Jumapili, si mboga nyepesi tena. Mlenda, ambao baadhi ya vijana wa mjini huudharau, una sifa njema zaidi kwa mwenye kutaka kupungua. Huliwa bila mafuta au kwa mafuta kidogo, na utelezi wake ni aina ya makapimlo inayopunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Tahadhari yake ni magadi: yana sodiamu kama chumvi, hivyo mwenye shinikizo la damu apikiwe mlenda usio na magadi au wenye chembe chache tu.

Kuhusu ugali, mabishano ya dona na sembe hayana budi kuelezwa kwa uaminifu. Ugali wa dona haupungukiwi sana nishati ukilinganishwa na wa sembe. Faida yake ni kuwa punje haikukobolewa, kwa hiyo pumba na kiini vimebaki pamoja na makapimlo, vitamini za kundi B na madini yake. Tonge dogo hushibisha na njaa hukawia. Mtama, uwele na ulezi usiokobolewa hufanya kazi hiyo hiyo. Lakini dona linalotokana na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya ni hatari kuliko sembe, kwa sababu sehemu kubwa ya sumukuvu hukaa kwenye pumba na kiini. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na kuchemsha au kupika hakuiondoi. Anayetaka kula dona aanzie shambani: mahindi yakaushwe juu ya turubai au kichanja na si juu ya udongo, unyevu usizidi asilimia 13.5, punje zilizooza, kuvunjika au kubadilika rangi zichambuliwe zitupwe, na zisipewe kuku wala ng'ombe. Afisa Ugani wa kata ndiye wa kuulizwa kuhusu kukausha na kuhifadhi. Kwa kuwa kiini kina mafuta, unga wa dona huchacha mapema, hivyo ni vema kusaga wa wiki mbili tatu tu.

Maharage, kunde, choroko, mbaazi na dengu hazihitaji maneno mengi. Hubeba protini na makapimlo kwa pamoja, hushibisha kwa muda mrefu, na bei yake ni nafuu kuliko ya nyama. Nusu ya nafasi ambayo kwa desturi huchukuliwa na ugali au wali ikipewa kunde na majani, mlaji hatalala njaa.

Matunda yana sukari, lakini ndani ya tunda sukari hiyo imefungwa pamoja na maji na makapimlo, na mtu hushiba kabla hajala mengi. Chungwa moja hutosha. Glasi ya juisi hukamua machungwa matatu au manne, ikaacha makapi kwenye chujio na kupeleka sukari yote tumboni kwa dakika moja. Papai, pera, tikiti na chungwa huliwa vema zaidi kwa kutafunwa. Ubuyu nao ni tunda lenye makapimlo mengi, ila ule uliopakwa rangi na sukari kwenye vifuko vya watoto ni peremende. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kuwa sukari inayoongezwa kwenye chakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni gramu 50, au 25 kwa kiwango cha pili. Soda ya mililita 350 huwa na gramu 35 au zaidi. Vikombe vitatu vya chai, kila kimoja na vijiko vidogo vitatu vya sukari, hufika gramu 36.

Ndimu kwenye maji ya moto, tangawizi, kitunguu saumu na mdalasini ni viungo vyema. Humwezesha mpishi kupunguza chumvi, na chai ya tangawizi isiyo na sukari ni bora kuliko soda. Hapo ndipo msaada wake kwa uzito unapoishia. Majani ya mlonge yana protini, madini na viini vya vitamini A, lakini hayachukui nafasi ya dawa ya kisukari wala ya shinikizo la damu. Baadhi ya dawa zinazonadiwa kwa kupunguza tumbo zina sanamaki au mimea mingine ya kuharisha: mizani hushuka kwa sababu maji na chumvi za mwili zimetoka, mafuta yamebaki pale pale, na siku chache baadaye uzito hurudi. Wakazi wanaotumia tiba asili wamuulize mtoa huduma kama amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Aliye kwenye dawa za kisukari asipunguze mlo ghafla kabla ya kuonana na mtoa huduma wa afya, kwani dozi ile ile kwenye chakula kidogo yaweza kuishusha sukari hadi akapoteza fahamu. Mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto hawapaswi kuwekwa kwenye mlo wa kupunguza uzito kwa shauri la jirani. Naye anayepungua bila kukusudia, hasa kama ana kikohozi, homa za jioni, kiu au mkojo wa mara kwa mara, aende zahanati mapema, wala asipongezwe.

Kujua pa kuanzia ni rahisi. Uzito kwa kilo hugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwanamke mwenye urefu wa mita 1.60 huanza kuwa na uzito uliozidi anapofika kilo 64, na kiribatumbo anapofika 77. Akiwa na kilo 78, lengo la kwanza lisiwe kurudi alivyokuwa siku ya harusi. Kupungua kilo 4 tu, kwa mwendo wa nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, hutosha kuanza kuonekana kwenye vipimo vya shinikizo la damu na sukari. Vipimo hivyo vinaweza kuulizwa katika zahanati iliyo karibu. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inayofanyika kila baada ya miezi mitatu, ni nafasi nyingine ya kumwona mhudumu wa afya ngazi ya jamii na kupata ushauri wa mapishi.

Asiye na mizani karibu atumie futi kamba ya fundi cherehani. Izungushwe kiunoni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi bila kuvuta tumbo ndani. Sentimita 80 kwa mwanamke asiye mjamzito, au 94 kwa mwanamume, ndipo hatari inapoanza kuongezeka. Kipimo kiandikwe pamoja na tarehe, kirudiwe baada ya mwezi, asubuhi kabla ya kula.