Moshi wa Malori Nao ni Udhia wa Njiani

Nasomesha Dini hapa Runzewe, mji unaopitiwa na malori yaendayo Rwanda na Burundi. Wanafunzi wangu wanajua kuwa kuondoa udhia njiani ni katika imani. Ukiwauliza udhia ni kitu gani, watakutajia mwiba na jiwe. Moshi wa dizeli hawautaji.

Chembe za moshi huo ni ndogo mno, hupenya hadi ndani ya mapafu. Mtoto, kwa kulinganisha na uzito wake, huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima, na njia zake za hewa ni nyembamba. Akiwa na pumu, njia hizo huvimba, kifua kikabana.

Jijini London, Ella Adoo-Kissi-Debrah, binti wa miaka 9 aliyeishi jirani na barabara kubwa, alifariki kwa pumu mwaka 2013. Mwaka 2020 uchunguzi wa kisheria uliamua kuwa hewa chafu ilichangia kifo chake.

Ndugu Waislamu, tusingoje msiba. Dereva akiegesha, azime injini. Madrasa tuzijenge mbali na barabara. Na mtoto anayekohoa kila usiku apelekwe hospitali mapema.