Mdogo Wangu, Tafuta Jumla Kwanza

Haya, mdogo wangu, sogea hapa tuzungumze. Najua lile swali linavyowatoa jasho: umepewa wastani wa majaribio matano, alama za manne unaziona, ya tano imefichwa, nawe unatakiwa uitaje. Wengi wenu mkiliona moyo unaruka, mnaanza kubahatisha. Acha. Haraka haraka haina baraka, na hesabu hii haitaki ujasiri, inataka utulivu.

Kila wastani una jumla nyuma yake. Aliyeupata alijumlisha alama zote, kisha akagawanya kwa idadi yake. Basi wewe rudi kwa njia ileile: zidisha wastani kwa idadi, jumla itajitokeza. Toa alama ulizonazo, na kinachobaki ndicho unachokitafuta.

Tuseme unaitaka B, ambayo katika mtihani wa kidato cha nne Tanzania huanzia 65. Umeshapata 58, 71, 49 na 72, na jaribio moja limebaki. 65 mara 5 ni 325. Ulizonazo zinafika 250. Umebakiwa na 75 za kutafuta.

Najua utaniuliza, "Dada, kwani nikipata 65 haitoshi?" Haitoshi, mpenzi. Zile nne zimeshakuacha na deni la alama 10: 58 imepungua 7, 49 imepungua 16, na hizo mbili nzuri zimerudisha 13 tu. Jaribio la mwisho linabeba 65 yake pamoja na deni hilo lote. Ndiyo maana nawagombeza mnaosema "nitajirekebisha mwishoni". Ile 49 ya siku uliyoingia darasani hujasoma, ndiyo inayokulipisha leo.

Halafu lipo kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya, wala usilionee haya: kuzidisha kwa 4 kwa sababu alama unazoziona ni nne. Ile iliyofichwa nayo inahesabiwa! Kabla hujashika kalamu, jiulize wastani huu ni wa vitu vingapi.

Na ukikokotoa ukapata 130 kwenye jaribio la alama 100, usilie. Kagua hesabu kwanza. Kama ni sahihi, basi B haifikiki safari hii. Inauma, lakini ni heri uumie ukijua. Kisha shusha lengo: mwenye 40, 50, 45 na 60 ndiye huyo anayehitaji 130 ili apate B, lakini akiulenga wastani wa 50, anahitaji 55 tu, na hiyo anaiweza kabisa akianza kusoma sasa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na alama ni mali yako. Leo kabla hujalala ziandike zote za muhula huu, hata zile unazozificha, uzijumlishe. Ukikwama, kesho mfuate mwalimu wako wa hisabati na daftari lako mkononi.