Somo la Ufundi: Usafi na Utunzaji wa Pedi za Sufu za Kung'arishia Magari

Kazi ya kuosha na kung'arisha magari imewapatia riziki vijana wengi, na baadhi yao wamejiunga katika vikundi ili kuikuza. Mara nyingi fikra za kikundi huwa juu ya mashine na pampu, ilhali kifaa kinachogusa rangi ya gari la mteja ni pedi ya sufu, yaani duara la manyoya ya kondoo linalobandikwa mbele ya mashine ya kung'arishia. Pedi hiyo ikitunzwa, hudumu. Ikipuuzwa, huharibu gari la mtu na jina la kikundi.

Madhara ya pedi chafu

Nyuzi za sufu hubeba dawa ya kung'arishia, ambayo ina chembe ngumu za kusaga. Mashine inapozunguka, chembe hizo huondoa sehemu ndogo ya rangi, na mabaki hunaswa kati ya nyuzi. Yasipoondolewa, hukauka na kugandamana. Pedi ya namna hiyo hupata joto kupita kiasi na kuacha alama za mviringo zinazoonekana wazi gari likiwa juani.

Tabaka la juu la rangi, ambalo mafundi huliita klia, kwa kawaida ni jembamba kuliko karatasi ya daftari. Kila linaposuguliwa, hupungua. Fundi anayerudia kazi kwa sababu ya pedi chafu hulipunguza bila faida, na likiisha halina dawa ila kupiga rangi upya.

Usafi wakati wa kazi

Pedi isafishwe kila baada ya kumaliza sehemu moja ya gari, kwa mfano mlango au boneti. Mashine ichomolewe kwenye umeme, kisha nyuzi zichanuliwe kwa brashi ya nailoni kutoka katikati kuelekea ukingoni. Penye kompresa, upepo wake hutoa mabaki vizuri zaidi. Fundi avae miwani na barakoa, kwa kuwa vumbi hilo hudhuru macho na mapafu.

Kila aina ya dawa iwe na pedi yake. Pedi iliyoanguka chini isirudishwe kwenye gari kabla ya kuoshwa, hata ikionekana safi, kwa kuwa punje moja ya mchanga yatosha kuchora boneti nzima.

Kuosha na kukausha

Baada ya kazi, pedi iondolewe kwenye mashine na kuoshwa siku hiyohiyo, kabla mabaki hayajakauka. Yatumike maji ya baridi au ya uvuguvugu pamoja na sabuni laini ya maji. Nyuzi zikandwe taratibu kwa vidole, kisha zisuuzwe mpaka maji yatoke meupe.

Maji ya moto hayafai, kwa maana joto pamoja na msuguano hufanya sufu isinyae na kushikamana, na pia hulegeza gundi ya mgongo wa pedi. Dawa za madoa zenye klorini nazo huozesha nyuzi.

Pedi ikamuliwe ndani ya taulo kavu bila kusokotwa, ianikwe kivulini penye upepo, na ikikauka ichanuliwe tena. Isifungwe kwenye mashine ikiwa ingali na maji. Ihifadhiwe katika mfuko safi au ndoo yenye kifuniko, mbali na vumbi. Pedi iliyonyonyoka, iliyoganda nyuzi au iliyoanza kubanduka mgongoni haina budi kuachwa.

Maji machafu yaende wapi?

Maji ya kuoshea pedi huwa na mafuta, rangi na chembe za dawa. Yasimwagwe mtoni wala kwenye mtaro wa mvua. Yaachwe yatulie ndani ya ndoo, na tope linalobaki chini likaushwe na kutupwa pamoja na taka ngumu. Kikundi kinachotafuta eneo la kazi kikumbuke kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuathiri hifadhi ya kingo za mito, mabwawa na fukwe za maziwa ndani ya mita 60.

Kwa vikundi vinavyokusudia kuomba mkopo

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huo hurejeshwa kutokana na kazi, na kazi hutegemea mteja anayerudi. Kikundi kinapoandaa mchanganuo wa biashara, kiweke humo pedi za akiba, brashi na ndoo za kuoshea. Maelekezo zaidi yanapatikana kwa Ofisa Maendeleo ya Jamii katika ofisi ya kata.