Maua ya Nyanya Yakipukutika, Usikimbilie Dawa

Kati ya Januari na Machi, wakulima wa nyanya Taveta huona maua yakianguka kabla ya kufunga matunda. Wengi hudhani ni ugonjwa na kutumia pesa kununua dawa. Mara nyingi tatizo ni joto.

Joto la mchana likipita nyuzi 32, na la usiku likizidi nyuzi 21, chavua hupoteza nguvu. Ua lisilochavushwa hukauka kikonyo na kuanguka. Hakuna dawa ya kufufua chavua.

Hakikisha kwanza. Kung'uta maua machache juu ya karatasi nyeupe. Ukiona wadudu wadogo wembamba wakitembea, huenda ni thripsi. Muone afisa wa kilimo wa wadi yako. Usipowaona, na majani ni mazima, fanya hivi:

• Mwagilia asubuhi na mapema, bila kuruka zamu. Shamba likikauka kisha likafurika, matunda huoza kitako.
• Tandaza nyasi kavu shinani ili udongo usichemke.
• Usizidishe mbolea ya CAN. Majani hunawiri huku maua yakipukutika.
• Usipogoe majani kupita kiasi. Tunda lisilo na kivuli huungua na jua.

Majani yakinyauka saa nane mchana na kuinuka jioni, usiogope.

Msimu ujao, hesabu siku mapema. Nyanya huanza kutoa maua takriban mwezi mmoja baada ya kupandikizwa. Panga kupandikiza ili maua yasikutane na joto la Februari.