Jenereta Ndani ya Mji Mkongwe: Mafunzo Niliyopata

Umeme wa Unguja ulikatika tarehe 10 Desemba 2009, kebo ya baharini kutoka bara ilipoharibika upande wa Fumba, ukarudi Machi 2010. Miezi ile mitatu Darajani nzima ilinguruma majenereta. Usiku watu waliyaingiza ndani kwa kuogopa wezi, na mengine yaliachwa yakiwaka humo humo. Niliyojifunza wakati ule nayashikilia hadi leo.

1. Jenereta ikichemsha, uliza imewekwa wapi. Hizi ndogo za petroli hazina rejeta wala geji ya joto; hupozwa na hewa inayopita kwenye mapezi ya silinda. Ukiifungia stoo itavuta hewa ile ile iliyokwisha kupata moto. Oksijeni ikipungua, petroli haiungui sawasawa, na kaboni monoksaidi inazidi. Fundi anaweza kubadilisha oili na plagi kila wiki, lakini kama mashine iko chini ya ngazi, anayehangaika kupumua si mashine peke yake.

2. Usingoje harufu. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na hushikana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kichwa kinagonga, moyo unachafuka, miguu inalegea, na mtu anameza dawa ya homa akalale. Ninachokiangalia mimi ni hiki: watu wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa pamoja, wakikaa barazani wanapata nafuu, wakirudi ndani kinaanza tena. Homa haina tabia hiyo.

3. Kichochoro si nje. Wataalamu wanashauri jenereta ikae angalau mita 6 kutoka kwenye madirisha na milango. Mitaa kama Kiponda au Mkunazini utazipata wapi mita 6? Kuta ni ndefu, upepo haushuki, na ekzosi yako inaelekea dirisha la jirani. Ua wa ndani ni hatari zaidi, maana vyumba vyote vinafungukia humo. Mara nyingi panapofaa ni juu ya paa lililo wazi, upande upepo unakoelekea. Kaskazi ikipisha kusi, mashine nayo ihamishwe.

4. Jenereta kubwa za dizeli zina rejeta. Maji ya visima vyetu yana chokaa, ile ile inayoganda ndani ya birika, nayo itaganda hata kwenye rejeta; usiyatie humo.

5. Aliyezidiwa atolewe hewani kwanza, kisha akimbizwe hospitali akapewe oksijeni. Kwa hewa ya kawaida, nusu ya sumu huchukua saa 4 hadi 5 kutoka kwenye damu. Kwa oksijeni safi, kama saa moja na nusu. Mwambieni daktari waziwazi kwamba jenereta ilikuwa ndani, kwa sababu kile kifaa cha kubana kidoleni hakitofautishi gesi hii na oksijeni, na kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mtu anayekufa.