Paka Anapolazwa kwa Dawa: Moyo na Mapafu Hufanya Nini?

Mahali panapoteremshwa samaki, kama Liwatoni, hapakosi paka. Wengi hufugwa, wengine ni mashume wa mitaani, na njia ya kupunguza kuzaana kwao ni kuwahasi madume na kuwafunga kizazi majike. Upasuaji huo huhitaji nusukaputi. Makala haya yanaeleza dawa hizo zinavyofanya kazi, ili mwenye paka ajue la kumwambia daktari na la kuangalia akirudi nyumbani.

Paka mzima akiwa macho, moyo wake hupiga takriban mara 140 hadi 220 kwa dakika, naye hupumua mara 20 hadi 30.

Dawa na kazi zake

Zailazini na medetomidini hutuliza na kupunguza maumivu. Hubana mishipa ya damu, hivyo shinikizo hupanda mwanzoni, kisha moyo hupiga polepole na kusukuma damu kidogo. Ufizi huweza kupauka. Zailazini pia huwatapisha paka wengi.

Ketamini huuchochea moyo uende kasi. Kwa sababu hii mara nyingi huchanganywa na dawa za kutuliza, ingawa mchanganyiko huo haufai kwa kila paka mwenye ugonjwa wa moyo.

Asepromazini hulegeza mishipa, shinikizo hushuka na mwili hupoa. Haiondoi maumivu.

Propofoli ikidungwa haraka huweza kusimamisha pumzi kwa muda. Gesi ya aisoflureni, kadiri inavyozidishwa, ndivyo inavyopunguza pumzi na shinikizo la damu.

Medetomidini ina dawa ya kuizimua, atipamezoli. Ketamini na asepromazini hazina. Ndiyo maana paka hupimwa uzito kwanza: kwa mnyama wa kilo 3, kosa dogo la kipimo ni kubwa.

Hatari iko wapi?

Utafiti uliofanywa Uingereza kati ya 2002 na 2004 ulionyesha kuwa katika kila paka 10,000 waliolazwa kwa dawa, takriban 24 walikufa. Kwa paka wenye afya walikuwa 11. Kwa wagonjwa, 140. Zaidi ya nusu ya vifo vilitokea baada ya upasuaji, vingi katika saa 3 za mwanzo. Kwa hiyo paka huendelea kuangaliwa hata baada ya kushonwa.

Wakazi wanashauriwa

1. Mpeleke paka kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo Kenya.
2. Mweleze daktari iwapo paka hukohoa, huhema kwa mdomo, huchoka upesi au ana mimba.
3. Fuata saa za kutompa chakula alizotaja daktari. Matapishi yakiingia mapafuni huua. Vitoto vya paka havifai kushindishwa njaa muda mrefu.
4. Akirudi, mlaze pakavu penye joto, chini sakafuni, mbali na ngazi na maji. Hata katika joto la Mombasa, paka aliyelewa dawa hupoa.
5. Usimpe paracetamoli. Ni sumu kwa paka.
6. Ufizi ukiwa wa buluu, pumzi ikiwa ya shida, au asipoamka, mrudishe kwa daktari mara moja. Usingoje asubuhi.