Kupasua Namba Kubwa kwa Kalamu na Karatasi

Chukua 1,683,864. Mwanafunzi akiagizwa kutafuta vigawo vyake tasa huanza kugawa papo hapo, karatasi ikajaa kabla hajafika popote. Aisome kwanza.

Tarakimu tatu za mwisho, 864, zinagawanyika kwa 8, basi namba nzima inagawanyika kwa 8, maana 1,000 yenyewe inagawanyika kwa 8. Jumla ya tarakimu zote ni 36, kwa hiyo 9 nayo imo.

Kwa 7, 11 na 13 wengi hurudi kugawa kwa kirefu, na hapo hujinyima kitu kizuri sana. 7 × 11 × 13 ni 1,001. Kata namba katika makundi ya tarakimu tatu kutoka kulia, kisha toa na ujumlishe kwa zamu: 864 − 683 + 1 = 182. Namba hii ndogo inajibu kwa niaba ya ile kubwa: 7 inaigawa, 13 inaigawa, 11 haiigawi.

Sasa gawa kwa 8, 9, 7 na 13. Inabaki 257. Hapa jaribu namba tasa hadi 13 tu, kwa kuwa 17 × 17 ni 289, imeshapita. Zote zinakataa, 257 ni tasa. Umepata 2³ × 3² × 7 × 13 × 257. Idadi ya vigawo vyote? Ongeza 1 kwenye kila kipeo, uzidishe: 4 × 3 × 2 × 2 × 2 = 96.

Kuna namba zisizofunguka kirahisi hivyo. Mwanahisabati Fermat aliamini kwamba 2³² + 1, yaani 4,294,967,297, ni tasa. Kuichunguza hadi kipeuo chake cha pili kungedai kujaribu namba tasa 6,542. Mwaka 1732 mwanahisabati Euler alionyesha kwamba 641 inaigawa. Siri imo katika umbo lake: kila kigawo tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Namba tasa za aina hiyo, kuanzia chini, ni 193, 257, 449, 577, 641. Majaribio matano!

Jibu ni 641 × 6,700,417. Lihakiki kwa kujumlisha tarakimu hadi ibaki moja: 641 inatoa 2, mwenzake 7, 2 × 7 ni 14, yaani 5. Namba ya Fermat nayo inatoa 5. Zingetofautiana, ungejua umekosea. Zikilingana, bado zidisha kwa ukamilifu.